Kanda ya Wiki Mbili

Mirka, mmeaga kwamba mnakwenda Dortmund kwa shangazi,
wiki mbili tu, mrudi kabla shule haijafunguliwa.
Lakini nimeona makoti ya baridi yakikunjwa Julai.
Baba yako ameuza baiskeli.
Paka amehamia kwa Bi Hildegarda wa ghorofa ya chini,
yeye na bakuli lake.
Na nani huenda matembezi
na cheti cha kuzaliwa cha marehemu bibi yake?
Sikuuliza. Hapa Bytom kuta zina masikio,
ngazi zetu zina masikio na midomo.

Basi nikakutengenezea kanda.

Kanda tupu madukani hakuna.
Nilimpa Zygfryd kuponi yetu ya sukari, ya mwezi mzima,
nikamwambia mama imepotea.
Mama alinitazama kama mtu anayehesabu chenji,
kisha akanywa chai kavu siku ishirini na saba
bila kuuliza, yeye pia.

Na Zygfryd hakunipa tupu.
Ndani alikuwamo mjomba wake Alojz
akiimba sherehe fulani, glasi zikigongana.
Nimemfunika. Ila pale pa kimya,
kati ya wimbo wa tatu na wa nne,
ukitega sikio utamsikia chini, mbali,
kama mchimba makaa aliyefukiwa
anayegonga ukuta kwa zamu.

Nimerekodi usiku, kutoka redioni,
vidole viwili juu ya vitufe viwili,
pumzi nimeibana.
Yule mtangazaji mwenye mafua hajui kunyamaza,
kila mwanzo ni wake.
Kwa hiyo nyimbo zako ni kama picha anazopiga baba yako:
wote wamo, hakuna mwenye kichwa.

Wa kwanza ni ule wa bwawani, siku ulipopoteza kiatu
ukarudi nyumbani unachechemea kwa makusudi.
Wa pili siupendi. Umo kwa ajili yako.
Nimeuvumilia dakika nne na nusu,
na urafiki ni nini zaidi ya hapo?
Katikati ya wa tano birika linapiga mluzi.
Ni jikoni kwetu. Sikufuta.

Mpangilio nimeubadili mara saba.
Ule wa huzuni ukikaa mwisho, utadhani naaga.
Ukikaa mwanzo, utadhani nimelia.
Nikauchomeka upande wa pili,
kati ya ngoma mbili za kipumbavu,
kama watu wanavyoficha noti mpakani:
ndani ya soksi, ndani ya buti, ndani ya uso mkavu.

Majina nimeyaandika kwa wino wa kijani.
Kiingereza sikijui, nimeandika nilivyosikia.
Huko watacheka. Waache wacheke.
Vile vijino viwili vya juu nimevivunja kwa kisu
ili mtu asije akarekodi juu yake,
hata wewe,
hasa wewe, utakapokuwa na marafiki wenye redio kubwa.
Penseli iliyomo ni ya kurudishia utepe ukitoka nje.
Zungusha polepole. Usiuvute.

Wanasema asiyekuwapo na lake halipo.
Waongo. Paka wako kila jioni
anapanda ghorofa tatu, anakaa mlangoni kwenu,
anangoja.

Jambo moja lingine.
Wimbo wa mwisho haukutosha.
Utepe uliisha, tak,
kiitikio kikiwa kinafungua mdomo.
Ningeweza kuufuta, nikaweka mwingine mfupi.
Redio iliendelea, mimi nikausikiliza wote,
na pale mwishoni kuna kitu kinatokea, Mirka,
ngoma zinanyamaza zote, halafu

siandiki.
Ukirudi, baada ya wiki mbili,
nitakuimbia.